Jikoni kwa Ma Mkubwa: Shoga yetu anatimiza sabini, tumfanyie nini?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanawake wa rika langu, na karibu zote zahusu jambo moja: shoga wa tangu utotoni anafika sitini, sitini na tano, sabini, na wenziwe hawajui waanzie wapi. Wengine waona haya. Wengine wameshagombana hata mchele haujapimwa. Wanaonijua wajua mimi si sheikh wala daktari. Mimi ni mpishi wa shughuli, na nimesimama juu ya masufuria ya harusi, hitima na maulidi kuanzia Kuze mpaka Majengo. Nitajibu niyajuayo, na nisipojua nitakupeleka kwa mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Ma Mkubwa. Sisi tulikuwa watano, tumekulia mtaa mmoja Kibokoni. Tulicheza mdako barazani, tukachangiana senti za mabuyu, na tulipokuwa wasichana tukitumiana salamu redioni kwa kadi. Mmoja alikuwa Mdigo wa upande wa Likoni, alilelewa na shangazi yake hapa kisiwani. Huyo tulimpoteza kwenye feri ya Mtongwe mwaka 1994. Mwingine ni Mgoa, babake alikuwa karani wa reli. Walihamia Kanada miaka ya sabini, lakini hajatusahau hata siku moja. Wa tatu siku hizi ameshika dini sana, na namsifu kwa hilo. Waliobaki ni mimi na huyu anayetimiza sabini.

Bintiye anakaa Nyali na ana uwezo, mashallah. Amekodi ukumbi wa hoteli, watu mia mbili, emsii, muziki, keki ya ghorofa tatu. Mwaliko umenijia kwa simu kama ulivyowajia wafanyakazi wenziwe: mavazi meupe na dhahabu, saa moja usiku. Mwenyewe kaninong'oneza, "Mie nataka kukaa nanyi mkekani, basi." Yule wetu wa dini asema siku ya kuzaliwa ni bidaa na hatakuja kokote. Nimwambie binti aache? Au tufanye yetu? Na tukiifanya, tuifanye vipi? — Jirani wa Kibokoni

JAWABU: Marahaba, ingawa kwa hesabu yako huenda wewe ndiye niliyestahili kukuamkia.

Usimwambie binti kitu. Anamshukuru mamake kwa njia aijuayo, na pesa ni zake. Nenda, vaa hiyo nyeupe na dhahabu, kaa meza watakayokupangia, na mamake akiingia piga vigelegele mpaka emsii anyamaze. Hiyo ni shughuli ya watoto. Ya mashoga ni nyingine kabisa, na hakuna haja ya kuzigombanisha. Mimi ningeifanya yenu wiki moja kabla. Mtu wa miaka sabini akitoka ukumbini usiku wa manane, ameshindana na spika na taa za kumetameta na ngazi zisizoonekana, dawa ya presha hajainywa kwa wakati wake, atalala siku tatu. Mkimngoja baada ya hapo mtapata nusu yake. Yenu ianze baada ya adhuhuri: mle, mzungumze, mswali alasiri pamoja, mnywe chai, na magharibi ikiadhiniwa kila mtu yuko kwake.

Tarehe isiwasumbue. Kwa wanawake wengi wa rika letu tarehe ya kitambulisho ni ya kukisia. Mama zetu walihesabu kwa mvua, kwa Ramadhani, kwa mtoto wa jirani aliyekuwa akinyonya wakati ule. Tena mkifuata mwaka wa Kiislamu, ambao una siku 354 au 355, aliyemaliza miaka 70 ya kalenda ya ukutani ameshapita 72. Maana yake sabini ya shoga yenu iliondoka zamani bila ya kuaga. Mwambieni, atacheka.

Kuhusu bidaa, wanavyuoni wamehitilafiana na mimi si wa kuwapatanisha. Mwenye dukuduku amuulize sheikh anayemwamini. Nijualo ni la jikoni: ondoeni keki, mishumaa na ule wimbo wa Kizungu, na hamtapungukiwa na kitu. Someni Yasini, ombeni dua, lisheni watu, toeni sadaka. Kisha mwendeeni huyo shoga yenu wa dini. Msimtumie ujumbe, mwendeeni kwa miguu yenu, mkae, mnywe chai yake, ndipo mmwambie kwamba dua ni yake kuiongoza. Nimeona wengi waliosusia keki, sijaona aliyesusia dua. Na akikataa hata hilo, msimnunie. Mpelekeeni sinia lake nyumbani, limefunikwa kawa, la moto.

Yule wa Mtongwe mtajeni. Watu zaidi ya 270 walikufa maji siku ile ya 29 Aprili 1994, na mpaka leo kuna kina mama wa ng'ambo wanaosoma dua tangu feri inapong'oa mpaka watie mguu nchi kavu. Kwenye dua mtajeni kwa jina lake na la babake, si kwa "marehemu wetu wote" tu. Kama aliacha binti, mwiteni, mkalisheni pale mamake angekaa, na mmwambie mambo ya mamake ambayo yeye hayajui: mamake alipokuwa msichana, alimcheka nani, alimkimbia nani, siku alipopanda na nyinyi lile daraja la zamani la Nyali, la kuelea, kabla hili la sasa halijafunguliwa mwaka 1980. Mtoto aliyefiwa na mama mapema huambiwa tu kwamba mamake alikuwa mtu mwema. Ya utundu hamna wa kumhadithia ila nyinyi.

Wa Kanada aingie kwa simu. Ikiwa anakaa upande wa Toronto, saa kumi alasiri ya Mombasa kwao ni saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi. Atakuwa ameamka, na ndio wakati wenu wa chai. Teueni mjukuu mmoja mwenye mkono mtulivu aishike simu mahali pamoja penye mwangaza. Mkianza kuipokezana, mwenzenu ataona dari na matundu ya pua tu. Simu nyingine zote zikae kapuni mlangoni, kama tufanyavyo kwenye kupamba bibi harusi. Mtu wa miaka sabini ana haki ya kuvua buibui, kufungua nywele na kucheza chakacha kwa magoti yake mabovu bila ya kujikuta kwenye simu za watu kesho yake.

Sasa nitasema linaloniudhi, na ndilo lililonifanya niipange barua yako ya kwanza. Sifa za wanawake huzisikia jikoni, kwenye hitima. Tumekaa twamenya vitunguu, na mmoja aanza: "Huyu alinipa cherehani yake nikaitumia mwaka mzima, hakuniuliza." Mwingine: "Nilipojifungua yule wa pili, mama hayupo, yeye ndiye aliyenikanda mpaka arubaini." Mwingine: "Siku mume aliyonifungia mlango nilikwenda kwake saa nane za usiku. Alitandika mkeka, hakuniuliza lolote mpaka asubuhi." Maneno matamu kabisa, na machozi si ya vitunguu. Mwenyewe yuko makaburini Kikowani tangu jana na hajayasikia hata moja. Miaka sitini ya ushoga, na lililomfikia masikioni ni "mbona leo umechelewa".

Kwa hiyo fanyeni hili, na mkiacha mengine yote niliyoyaandika hili msiliache: kila mmoja amwambie jambo moja alilomfanyia, lenye mahali pake na kitu chake. Msiseme yeye ni mtu wa watu, ana moyo safi. Hayo hata emsii wa Nyali atayasema, naye hata hamjui mwenye siku. Semeni cherehani, semeni mkeka, semeni siku aliyowachukulia watoto wenu shule mkiwa mmelazwa. Wala msisimame kuhutubia. Semeni mkiwa mwala, mikono iko siniani, ili naye apate pa kutazama. Sisi wanawake wa huku hatujazoea kusifiwa uso kwa uso, na atataka kuwakatiza kwa "hebu ongeza kachumbari". Mpeni kachumbari, kisha endeleeni.

Chakula ni rahisi. Kilo ya mchele hulisha watu wanane walaji haswa, au kumi wa umri wenu. Mkiwa ishirini, kilo mbili na nusu, hiyo nusu ni ya majirani watakaosikia harufu. Pilau nyama iwe kilo kwa kilo. Msiwe bahili wa vitunguu, mvikaange mpaka viwe rangi ya kahawa, maana rangi ya pilau hutoka humo. Biriani siwashauri, ina kazi mbili, na mtajikuta wote mko jikoni na mwenye siku kakaa peke yake ukumbini. Chai iwe na mahamri, katlesi, kaimati chache na halwa kidogo. Sukari ya chai iwekwe pembeni, maana wenye kisukari watakuwepo na hawatasema. Mwenye siku asishike upawa. Akija jikoni, mrudisheni.

Na mtu akikwambieni kwamba watu wazima kukusanyika na kujifurahisha ni mambo ya kuiga, mtajieni lelemama, ile ngoma ya wanawake. Bibi zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vyao, Ibinaal Watan na Banu Saada, vyenye sare na vyeo na ushindani uliotikisa mitaa. Walikuwa wake za watu na heshima zao, na hawakungoja watoto wawakodishie ukumbi.

SWALI: Ma Mkubwa, mimi ni mwanamume, natumai naruhusiwa. Mke wangu ana miaka 66. Yeye na wenziwe wanne waliosoma pamoja wamechanga pesa waende Lamu siku nne, ati washerehekee kuwa wote wamestaafu na wote wangali hai. Mimi nina miaka 73 na sukari. Nani atanipikia? Na je, yafaa? — Mzee wa Tudor

JAWABU: Waruhusiwa, karibu.

Ruhusa ni jambo lenu la ndani, silitii mkono. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta unaogopa nini, nikaona neno "kupikiwa" umelitanguliza mbele ya neno "yafaa". Mwenye sukari wa miaka 73 aweza kuchemsha mayai, kununua mbaazi asubuhi bila ya mahamri yake, na kumwomba mkaza mwana amletee samaki wa mchuzi. Hutakufa. Sindano au vidonge vyako ni vyako, jifunze saa zake. Ingefaa uzijue hata mke akiwa chumba cha pili.

Badala ya kuwazuia, wasaidie jambo ambalo wao kwa furaha yao huenda hawajalifikiria: mwezi. Basi litawafikisha Mokowe, kisha lazima wapande boti, na gati zina ngazi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, bahari huwa tulivu. Wakichagua katikati ya kusi, Juni au Julai, watafika wamelowa na wamekasirika. Waambie pia wachukue nyumba yenye chumba cha chini. Nyumba za kale za Lamu zapanda juu, na magoti ya watu waliostaafu yashuka chini. Mjini huko ni miguu na punda, kwa hivyo viatu vya visigino vibaki Tudor.

Akirudi, muulize ya huko kisha nyamaza umsikilize. Atahadithia siku mbili nzima.

SWALI: Asalamu alaikum. Mimi na shoga yangu wa Bondeni tumejuana tangu darasa la kwanza. Tuliolewa wiki moja, miaka hamsini iliyopita, na sare za harusi zetu alizishona yeye mwenyewe, alikuwa fundi. Tuliahidiana kwamba tukifika hamsini tutafanya karamu, hata waume wakiwa hawapo. Hawapo. Na yeye, Ma Mkubwa, hanijui tena. Ananiuliza mimi ni nani, kisha ananiuliza tena. Ananiuliza mumewe atarudi saa ngapi. Majirani wasema ana jini. Watoto hawataki atoke, waona haya. Niiache karamu? — Mjane wa Makupa

JAWABU: Waalaikum salaam. Usiiache. Ifanye ndogo, na uifanye kwake.

Kwanza la watoto. Waulize kwa upole kama ameonekana na daktari, maana si kila kusahau ni uzee wala jini. Tezi ya shingo ikilegea, vitamini B12 ikipungua, maradhi ya njia ya mkojo, dawa zinazogongana, hivyo vyote vyaweza kumvuruga mzee akili, na hivyo vyatibika. Ikiwa ni maradhi ya Alzheimer au mengine ya jamii hiyo, dawa ya kuyaondoa haijapatikana, lakini angalau watajua wanaishi na nini, na mama hatapelekwa kwa waganga kuchanjwa. Na haya yao usiilaumu sana. Binti anayemwogesha mamake na kuulizwa "wewe nani" kila asubuhi amechoka kuliko anavyoonyesha. Mara ya kwanza usiende na habari ya karamu. Nenda na chakula, umwambie binti alale saa mbili, wewe utakaa na mama. Mlango utafunguka.

Karamu iwe asubuhi. Wagonjwa wengi wa namna hii hutulia asubuhi na kuhangaika jua likianza kushuka, wakataka "kwenda nyumbani" ilhali wako nyumbani. Muwe wawili, watatu kwa wingi. Ukumbi wa watu thelathini wanaoongea kwa pamoja ni mateso kwake.

Usimuulize "wanikumbuka?" Ni mtihani huo, na atajua kwamba ameanguka hata kama hajui ni mtihani wa nini. Ingia, kaa mbele yake akuone uso, useme: mimi ni fulani, shoga yako, nimekuja tukae. Akikuuliza tena, jibu tena kwa sauti ileile. Akiuliza mumewe atarudi lini, usimwambie amekufa. Atafiwa upya, na baada ya robo saa atauliza tena na utamuua mumewe mara ya pili. Muulize yeye: "Alikuwa akipenda kula nini yule?" Kuna wanaosema huku ni kusema uongo. Mimi sioni uongo katika kumuuliza mtu habari za mumewe.

Ya zamani ndiyo hukawia kuondoka, na nyimbo hukawia kuliko maneno. Mwimbie za vugo, zile nyimbo za harusi za kupigiwa pembe, mlizoimbiwa nyinyi, na kama kuna mtu bado ana pembe nyumbani, ije. Usishangae akiimba ubeti mzima na huku hajui leo ni siku gani. Mvishe kikuba cha asumini, fukiza udi kidogo, chetezo kikae mbali na mikono yake. Kwa kuwa alikuwa fundi, mpe kitambaa mkononi, chenye pindo. Huenda vidole vikaanza kukikunja wenyewe. Kisha muhadithie harusi zenu: wiki ile, mvua au jua, nani alilia, nani alichelewa na hina haijakauka. Hadithia kana kwamba anaisikia mara ya kwanza, maana huenda ndivyo ilivyo. Akicheka mahali ambapo si pa kuchekesha, cheka naye.

Na mletee binti yake sare pia. Naye ashone pembe moja ya siku hiyo.

SWALI: Ma Mkubwa, tulikuwa kumi kwenye mchezo wa pesa, zama zile watoto wadogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika. Mmoja wetu alipokea zamu yake kisha akaacha kutoa, akahama mtaa. Nililipa kutoka mfukoni ili wenzangu wasikose, shilingi 6,000 za wakati ule. Sasa tunapanga siku ya wote kutimiza sitini na tano. Amemtuma mjukuu wake aulize kama aweza kuja. Wenzangu wote wasema samehe, uzee huu, mauti yako karibu. Mimi moyo haunipi. — Mwenye Daftari, Mwembe Tayari

JAWABU: Hapa nitakwenda kinyume na wenzako. Mimi nasema dai.

Kusamehe deni ni jambo kubwa na lina thawabu zake, lakini ni lako wewe peke yako, si la kamati. Hao wanaokuhimiza usamehe ndio haohao waliopata zamu zao kamili kwa pesa za watoto wako, na sijasoma popote kwenye barua yako kwamba kuna mmoja aliyechanga kukupunguzia. Waulize hilo, kwa heshima, halafu uone nani anainamisha kichwa.

Usimdai siku ya shughuli, wala kabla yake kupitia kwa mjukuu. Mtoto hana kosa. Mwambie mjukuu: mwambie bibi nitakuja kumwona. Nenda peke yako, na daftari usilibebe, unalijua kwa moyo. Mwambie maneno machache: ulichukua, ukaondoka, nililipa mimi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hukuniambia. Kisha nyamaza umpe nafasi. Huenda kulikuwa na mume aliyezichukua. Huenda kulikuwa na mtoto hospitali. Huenda hakukuwa na lolote ila tamaa. Utalijua jawabu lake kwa namna atakavyolisema.

Akitaka kulipa kidogokidogo, pokea, hata mia mbili kwa mwezi. Msidharau mia mbili. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kuna nyumba zinazoishi kwa hizo. Usimpandishie thamani ya miaka yote hiyo, chukua 6,000 zilezile. Na ukiona mbele yako ni mtu asiye na kitu, hapo ndipo pa kusamehe, kwa ulimi wako, akusikie: nimekusamehe duniani na akhera. Ukishatamka, limekwisha. Lisirudi kwenye mafumbo wala kwenye leso.

Lakini msimwalike kabla ya mazungumzo hayo. Kumkaribisha mtu mkekani ili watu tisa wamtazame anavyomeza pilau ni ukatili, na mnaweza kuufanya huku mkijiona wema.

SWALI: Shoga yetu anatimiza sitini na yuko ndani ya eda ya mumewe. Tuahirishe? — Wawili wa King'orani

JAWABU: Ahirisheni. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na kama kalenda haikumharakisha kufika sitini, haitamharakisha sasa. Lakini siku yenyewe ikifika msimwache peke yake. Nendeni na chakula cha kawaida, mkae naye, muondoke mapema.

SWALI: Tumechanga, tuko saba, twataka kumnunulia shoga yetu zawadi ya kustaafu. Kuna anayetaka saa ya ukutani yenye jina lake, kuna anayetaka fremu ya picha. Wewe wasemaje? — Kikundi cha Ganjoni

JAWABU: Saa ya ukutani kwa mtu anayestaafu? Ametazama saa miaka mingapi huyo? Nendeni Biashara Street mkamnunulie leso, za pamba nzuri, na nyinyi saba mchukue zilezile muwe sare. Hapo kuna duka la Mali ya Abdulla, lenye jina kubwa katika leso tangu zama za bibi zetu, na maduka mengine mengi ya kulinganisha bei. Pekueni mpaka mridhike na rangi, na zaidi ya rangi someni jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Msichukue kwa haraka mkampelekea mwenzenu "Hasidi hana sababu", akakaa wiki nzima akijiuliza nani kati yenu anaambiwa. Na msimpe ilivyotoka dukani, pea nzima haijakatwa. Ikateni, muipinde pembe zote, muifue mara moja ilainike, muifukize udi, ndipo muikunje. Anastaafu, msimpelekee kazi ya kushona.